Risasi Alizojaza Orrin

Bega la Marlys Hietala lilivunjika mwezi wa Februari, siku aliyopanda juu ya paa la sauna, kibanda chake cha kuogea kwa mvuke, kukwangua theluji, mguu ukamponyoka, akaja chini kama gunia. Hospitalini wakalifunga kwa vyuma. Kabla hawajamruhusu kurudi nyumbani alikuwa na swali moja tu: je, Novemba ataweza kuwinda?

"Kwa bunduki gani, mama?" daktari akauliza.

Alipomtajia, daktari akacheka bila kutaka. Naye alikuwa mwindaji, kama walivyo nusu ya watu wa kaskazini ya Michigan. "Hiyo inapiga teke kama punda aliyechokozwa. Ifyatue mara moja, kisha urudi hapa nianze kazi upya."

Bunduki hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, Wilbert. Marlys aliiviringisha kwenye blanketi, akaiweka juu ya kabati, na siku hiyo alilia kuliko alivyolia kwa maumivu. Alikuwa amestaafu udereva wa basi la shule, watoto hakujaliwa, na tangu Wilbert afariki kitu kilichomfanya auone mwaka una maana kilikuwa kambi ya kulungu: kibanda cha magogo ndani ya msitu, jiko la kuni, wazee watatu wenye utani uleule kila vuli, na yeye.

Wazee hao watatu walikuwa Sulo, mdogo wake Wilbert. Tauno, jirani asiyefungua mdomo mpaka apate bia ya pili. Na Orrin Lampela, rafiki wa Wilbert tangu walipokuwa wakiiba tufaha pamoja. Orrin ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwani. Orrin ndiye aliyempasulia Marlys kuni kila mwaka bila kuombwa, akazipanga ukutani kama mtu anayepanga vitabu. Na Orrin ndiye aliyejaza risasi za kambi nzima katika karakana yake, kwa mashine yake ndogo ya mkono, kwa sababu hakuamini risasi za dukani.

Kwa hiyo Marlys aliponunua bunduki nyepesi, yenye mtutu ambao tundu lake haliwezi kupitisha hata penseli, hakufikiria mara mbili nani wa kumjazia risasi.

Wazee walipoiona walimcheka wakakaribia kulia.

"Hiyo ni ya kuulia panya, shem," Sulo akasema.

"Kulungu akipigwa na hiyo atapiga chafya tu," akasema Tauno, ambaye siku hiyo alikuwa ameshafika bia ya tatu.

Marlys aliwaacha wacheke. Alikuwa na kiangazi kizima cha kukaa na mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, na kiangazi chote hicho alikitumia kusoma na kuuliza. Akaja kuelewa kwamba udogo wa risasi si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka. Kuna vichwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbweha: gamba la shaba ni jembamba kama ganda la kitunguu, na vikigusa mwili vinapasuka vipandevipande papo hapo. Mbweha hulala palepale. Kulungu hapana. Kwake hilo ni jeraha pana lisilo na kina, na mnyama hukimbia nalo akafie mbali, pengine baada ya kuteseka sana. Lakini viko vichwa vingine ambavyo gamba lake ni nene, na limeshikana na madini ya ndani kiasi kwamba haviachani hata vikigonga mfupa. Hivyo hufunguka kama uyoga na kuendelea kuzama, vikavunja bega na kufika mapafuni. Na ubaya ni kwamba aina hizi mbili zikishapachikwa kwenye maganda yake, kwa nje zinaweza kufanana kama mapacha.

Alinunua sanduku la vichwa vya aina ile ya pili, akampelekea Orrin karakanani.

Orrin alilisoma sanduku kwa miwani yake ya kamba. "Umesoma kweli, shemeji."

"Nimesoma kwa sababu sitaki mnyama ateseke eti kwa kuwa mimi nina bega bovu."

"Na ukimpata begani?"

"Ndiyo maana nimechagua hivi. Vitapita. Au siyo?"

"Vitapita," Orrin akasema, akaliweka sanduku kwenye rafu. "Niachie mimi. Wilbert angekuwepo asingekubali mtu mwingine azijaze."

Maneno hayo yalimwingia Marlys moyoni. Wiki iliyofuata Orrin mwenyewe alimletea risasi ndani ya kikopo cha kahawa. Wakaenda pamoja kwenye machimbo ya zamani ya kokoto kulenga karatasi. Bunduki ilimsukuma begani kama mtoto anayeomba kupita. Matundu yote yakakaa pamoja. Ungeweza kuyafunika kwa kisoda.

"Nani alisema umezeeka?" Orrin akasema, akampiga kofi mgongoni, upande ule mzima. Marlys alirudi nyumbani akiimba ndani ya gari.

Mwaka ule kulikuwa na dume moja ambalo kila mtu kambini alilijua. Kamera waliyoifunga mtini ilikuwa imelipiga picha tangu pembe zake zikiwa bado na manyoya. Lilikuwa zito, shingo kama ya ng'ombe, na lilipenda kupita ukingoni mwa kinamasi cha mierezi, mbele ya dungu la Wilbert. Dungu hilo Wilbert alilijenga juu ya miti mitatu, akawinda hapo maisha yake yote. Alipokufa, Sulo alisema mbele ya wote, "Hapa ni pa Marlys sasa," na hakuna aliyepinga.

Siku ya kwanza ya msimu, kulipopambazuka, Marlys alikuwa juu ya dungu, amevaa koti la rangi ya chungwa, mikono ndani ya mifuko, theluji ya jana imetulia juu ya matawi. Orrin alikuwa ameaga kwamba anaelekea kwenye kilima, upande wa pili kabisa.

Dume lilitoka kwenye mierezi bila sauti. Dakika ile hakuna kitu, dakika inayofuata limesimama ubavu, pumzi yake ikitoka kama mvuke wa kikombe cha chai. Marlys aliielekeza darubini ya bunduki kwenye bega la dume, akashusha pumzi yake mwenyewe, akafyatua.

Aliona limeanguka magoti ya mbele. Moyo ukamruka. Kisha likainuka. Mguu mmoja wa mbele ukining'inia kama kitambaa, likapiga mbio kuingia kinamasini, na sauti ya matawi yaliyovunjika ikamfikia Marlys ikazidi kufifia mpaka ikaisha.

Alikaa. Sheria ya wawindaji ni kwamba usimfukuze mnyama aliyejeruhiwa. Mpe muda alale. Alikaa akihesabu dakika. Kisha akashuka, akafuata alama. Damu ilikuwa tone hapa, tone pale. Kulikuwa na manyoya mengi kuliko damu, na hilo halikumpendeza. Mahali pamoja aliona kidimbwi kidogo cha damu, dume lilipolala, likaamka tena likijikokota.

Ndipo mlio ukapasuka mbele yake, mlio mzito wa bunduki kubwa.

Alipofika, Orrin alikuwa amesimama juu ya dume, na lebo yake ya kibali, ile inayoonyesha mnyama ni wa nani, imeshafungwa kwenye pembe.

"Nilikusikia umepiga," Orrin akasema. "Nikajua litatokea huku. Pole, shemeji. Ulilikwaruza tu."

"Si ulisema uko kilimani?"

"Nilishuka."

Marlys alitazama chini. Chini ya mwerezi, hatua chache kutoka pale, theluji ilikuwa imeyeyuka mpaka kwenye majani makavu, umbo la mtu aliyekaa muda mrefu. Chupa ya chai ya Orrin ilikuwa pembeni, kifuniko kimefunguliwa. Alivitazama vyote viwili wala havikumwambia kitu, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye yule mnyama na kile kidimbwi kidogo cha damu alicholalia peke yake.

Mchana walilitundika dume nje ya kibanda, wakalichuna. Ngozi ilipofika begani, wote wakasogea kutazama. Palikuwa na shimo pana kama kisahani cha kikombe, nyama imekuwa uji, na mfupa umepasuka juujuu. Ndani zaidi hakukuwa na kitu. Mapafu yalikuwa mazima isipokuwa pale risasi ya Orrin ilipopita.

"Haya sasa," Tauno akasema polepole. "Ndiyo chafya yenyewe."

Sulo akacheka kidogo, akaacha.

"Msimcheke," Orrin akasema, akifuta kisu. "Bega lake si kosa lake. Shemeji, sikia. Mwakani njoo tu ukae nasi jikoni, utupikie zile pasti zako za nyama na viazi. Hakuna aibu. Wilbert mwenyewe angekwambia hivyo."

Marlys alisogea karibu na dume. Aliingiza vidole kwenye lile jeraha, akatoa kitu kilichomchoma, kipande cha shaba, akakitia mfukoni bila kukitazama. Hata sasa hajui kwa nini alifanya vile. Jioni alikula nao maini kwa vitunguu, akaosha vyombo, na asubuhi akawaaga akisema bega linauma. Njiani alijiambia maneno makali ambayo asingemwambia mtu mwingine yeyote: kibibi kichwa kigumu, umemvunja mnyama mguu kwa ukaidi wako.

Siku mbili tatu baadaye, akifua koti, kile kipande kikadondoka kwenye sinki. Akakiokota. Kilikuwa chembamba kama gamba la samaki. Akakikunja kwa kucha, kikakunjika.

Alisimama pale maji yakiendelea kumwagika.

Akaenda gereji na kile kikopo cha kahawa. Aliibana risasi moja kwenye jiliwa, akaing'oa kichwa kwa koleo, akamwaga baruti. Kichwa kilikuwa kifupi kuliko vile alivyovinunua. Akakikata katikati kwa msumeno wa chuma, taratibu. Kilipoachana, madini ya ndani yakatoka yenyewe kama kiini cha yai lililochemshwa, likabaki gamba tupu, jembamba, la kuua mbweha.

Akang'oa nyingine. Na nyingine. Zote zilikuwa vilevile.

Jambo la kwanza alilofanya Marlys lilikuwa kumtetea. Alichanganya, alijiambia, macho yake si ya zamani, masanduku yamejaa kwenye zile rafu. Akawasha gari kwenda kwake, na njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kumwambia bila kumwaibisha. Orrin angejisikia vibaya sana. Ingebidi amtulize.

Verna, mke wa Orrin, alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi. "Karibu, mwaya. Kaenda kwa yule mtengeneza vichwa vya wanyama vya kutundika ukutani, kapeleka pembe za lile dume. Yuko njiani. Ukitaka msubiri karakanani, kuna joto kuliko humu."

Karakana ilikuwa safi kama kawaida yake. Kila sanduku lina mahali pake, kila mahali pana jina limeandikwa kwa kalamu nene. Mtu wa namna hii hachanganyi. Na kwenye rafu ya juu, mahali palepale Orrin alipoliweka mbele ya macho yake, lilikuwepo sanduku alilolinunua yeye. Utepe wa dukani haujakatwa.

Alikuwa bado amelishika sanduku, pikapu ya Orrin ilipoingia uani.

Orrin alisimama mlangoni. Alimwona, akaliona sanduku, akavua kofia.

"Niambie ulisahau," Marlys akasema. "Orrin, niambie ulisahau, mimi nitakuamini."

Orrin aligeuza kofia mikononi. Kwa muda kidogo ilionekana kama ataukubali upenyo huo aliopewa. "Sikusahau," akasema.

"Kwa nini?"

"Lile dungu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miti ile mitatu tuliikwea pamoja, mimi na Wilbert. Mimi ndiye niliyepigilia mbao. Aliniambia, 'Nikitangulia kufa, dungu ni lako.' Aliniambia mimi! Halafu Sulo anasimama anasema ni la Marlys, na mimi niseme nini, mbele ya mjane? Nimekaa kilimani nikipigwa na upepo miaka yote hii. Nilidhani ukikosa mara moja utachoka. Utaacha mwenyewe, bila ugomvi."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

"Ndiyo!" Marlys akapaza sauti, na yeye mwenyewe akashangaa kuona kwamba ni kweli. "Ningekupa siku hiyohiyo, ningekubebea hata kiti! Ni mbao, Orrin. Ni mbao juu ya miti. Nilikwambia hapahapa kwamba sitaki mnyama ateseke. Ukanisikia. Ukanitazama usoni. Ukaja na mimi machimboni ukanisifu shabaha, huku unajua zile risasi zitamfanya nini."

"Ndiyo maana nilikaa pale chini," Orrin akasema haraka. "Nilikaa nimmalize. Nisingemwacha ateseke."

Alilisema kama mtu anayetoa utetezi mzuri. Marlys alimtazama, akamkumbuka yule dume akilala na kuamka, akilala na kuamka, na huyu ameketi chini ya mwerezi akinywa chai, akimsubiri afike. Alilichukua sanduku lake, akapita mbele ya Verna aliyekuwa ameshatoka jikoni na amesikia yote, akaenda garini.

Jumamosi ya mwisho ya msimu alirudi kambini. Alichagua saa ya chakula cha mchana, wote wakiwa mezani. Orrin alikuwepo, pengine alidhani atanyamaziwa. Marlys hakukaa. Aliweka mezani kichwa alichokikata na kile ambacho alitakiwa apewe, nacho amekikata vilevile: madini na gamba vimeshikana kama nyama na ngozi. Akaeleza kwa maneno machache. Hakulia, na alijishukuru kwa hilo.

Tauno alivichukua vile vipande, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akamtazama Orrin kama anayemtazama mtu asiyemjua. "Wewe mzee," akasema, "una wazimu?"

Orrin alitazama sahani yake.

Marlys alimgeukia Sulo, kwa sababu Sulo ndiye ndugu, damu ya Wilbert, na alisubiri aseme kitu. Sulo alikuwa amekishika kijiko bila kukipeleka popote. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Sulo?"

"Orrin aliniambia ni utani, shem."

Akakiweka kijiko mezani.

"Aliniambia atakupa risasi dhaifu, ukose, tukucheke kidogo. Sikujua ni za aina ile. Nilidhani... risasi zitapita pembeni tu, basi."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Septemba."

Tangu Septemba. Sulo alikula kwake kila Jumapili Septemba yote na Oktoba yote. Alikuwa akimuuliza bega linaendeleaje. Usaliti wa Orrin ulikuwa umemkata kama kisu. Lakini kisu angalau kina mshikaji wake mwenye sababu, hata iwe sababu ya kijinga. Huu wa Sulo haukuwa na sababu yoyote. Alijua, akaona si kitu, akaendelea kumega mkate wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama yake angesema kwa lugha yake mwenyewe, kwa ukali zaidi. Marlys alisema tu, "Haya." Akachukua shuka zake, kikaango chake, na picha ya Wilbert iliyokuwa juu ya jiko. Tauno peke yake ndiye aliyetoka kumsaidia kubeba. Alisimama kando ya gari akikwaruza theluji kwa buti.

"Ule utani wa chafya," Tauno akasema. "Nisamehe."

"Wewe ulitania mbele yangu," Marlys akamjibu. "Hilo si kosa."

Mwaka uliofuata kambi haikujaa. Ilisemekana Orrin mgongo unamsumbua. Ilisemekana pia Verna alimwambia achague kati ya bunduki na kitanda chao. Dungu la kinamasini halikukaliwa na mtu. Marlys alikwenda kuwinda kwenye msitu wa serikali, nyuma ya mto, mahali ambapo mtu yeyote anaruhusiwa na ambapo hakuna anayejua jina la mtu. Risasi alizijaza mwenyewe, kwa mashine iliyotumika aliyoinunua kwa mwanamke wa mji wa jirani, kila moja akiipima, kila moja akiitazama kana kwamba nayo inaweza kumdanganya.

Asubuhi ya tatu, kulungu jike alitoka kwenye misonobari michanga. Marlys alilenga palepale begani. Jike alipiga hatua mbili, akaketi, akalala, akaisha. Risasi ilikuwa imepita upande mpaka upande.

Alikaa kando yake, akavua glavu, akaweka mkono juu ya shingo iliyokuwa bado na joto. Alitaka kufurahi. Alipofungua mdomo apaze sauti, kama walivyozoea kupaziana sauti msituni, akagundua hakuna wa kumsikia, akaufunga.

Ilimchukua muda mrefu kumburuta hadi barabarani kwa mkono mmoja mzuri. Alipofika, pikapu iliyokuwa ikipita ikapunguza mwendo, ikasimama. Sulo akashuka. Amekonda. Hakusalimia, alishika miguu ya nyuma, Marlys akashika ya mbele, wakampandisha jike nyuma ya gari la Marlys.

Sulo aliona tundu la kuingilia, akazunguka akaona la kutokea. "Ile ndogo?"

"Ile ndogo."

"Imefanya kazi."

"Ndiyo."

Akapangusa mikono kwenye suruali. Theluji ilikuwa inaanza kuanguka tena, ile nyembamba isiyotulia. "Shem, rudi kambini. Mimi na Tauno tunatazamana tu mle ndani. Nimekuwa nikitaka kuja kwako, kila Jumapili nawasha gari, nazima."

Marlys alifunga mlango wa nyuma wa gari, akahakikisha umejifunga. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na uso huo ulikuwa na taya ya Wilbert, na pua ya Wilbert.

"Asante kwa kunisaidia kupakia, Sulo," akasema.

Akaingia garini, akawasha, akaondoka.